Kulikagua kasha la kompyuta kwa ndani

Mwezi uliopita nilinunua kasha jipya la kompyuta ya mezani katika duka moja mjini Kisumu, na kabla ya kulilipia nilimwomba muuzaji anifungulie pande zake zote mbili, nikatoa futi ya utepe mfukoni na kuanza kupima. Muuzaji alinitazama kidogo, kisha akaniambia kwa upole, "Kaka, hili lina taa za rangi zote, vijana wanalipenda sana." Nilimshukuru, lakini taa sizo zilizonipeleka dukani. Kasha langu la awali lilikuwa na taa pia, pamoja na kioo kizito kilichoziba uso wake wote wa mbele, na ndilo lililokaribia kuniharibia mashine ninayoitegemea kuhariri video za harusi.

Ninaishi Kondele, mtaa wa Kisumu, ambako vumbi la barabara huingia chumbani hata dirisha likiwa limefungwa nusu, na usubi wa ziwani unapoinuka kwa makundi, hufuata mwanga usiku na kujaza kila kona ya nyumba. Kasha lile la zamani lilivuta hewa kupitia upenyo mwembamba kandokando ya kioo, bila kichujio chochote. Mashine ilipoanza kujizima katikati ya kazi nyakati za alasiri, nililifungua nikakuta mapezi ya kipoza joto cha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, yameshikana kwa tabaka la kijivu lililofanana na sufi iliyolowa, na ndani ya sufi hiyo vibawa vya wadudu vikimetameta. Feni ilikuwa inazunguka kwa kasi yake yote, lakini hewa haikuwa na pa kupita.

Ndiyo maana sasa naanzia kwenye njia ya hewa. Kasha hili jipya lina uso wa wavu wa chuma, nyuma ya wavu kuna kichujio cha nailoni kinachochomoka kwa kukivuta juu, kisha zinafuata feni tatu za milimita 120 zinazoingiza hewa, huku nyuma ikiwapo feni moja tu ya kuitoa. Mpangilio huo una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Feni za kuingiza zikiwa na nguvu kuliko za kutoa, mgandamizo wa hewa ndani ya kasha huzidi kidogo ule wa nje, na kwa hiyo kila mwanya na kila tundu la skrubu hutoa hewa badala ya kuivuta, na hewa yote inayoingia hulazimika kupita kwenye kichujio. Zikizidi zile za kutoa, mambo hugeuka, na mianya yote huwa milango ya vumbi. Baada ya wiki sita nilikichomoa kichujio kile na kukiosha kwa maji na sabuni. Kilikuwa kimekuwa rangi ya udongo, ilhali kitambaa cheupe nilichopitisha kwenye mapezi ya kipoza joto kilitoka na alama hafifu tu.

Hata hivyo, ni hapo hapo ninapoona kosa ambalo mtengenezaji hakustahili kulifanya. Nyuma ya kasha kuna nafasi saba za kadi za kuongeza, kama ile ya grafiki, na vifuniko vyake, isipokuwa cha kwanza, ni vya kuvunjwa: vimeshikiliwa na ncha ndogo za chuma, na ukishakivunja kimoja hakirudi tena. Ukihamisha kadi, shimo linabaki wazi. Kifuniko cha kufungwa kwa skrubu kingegharimu kidogo sana na kingedumu muda wote wa kasha.

Bamba la kubebea bodi mama, yaani ubao mkuu unaounganisha sehemu zote za kompyuta, limeandaliwa kwa kipimo cha ATX, ambacho Intel ilikitangaza mwaka 1995, yaani milimita 305 kwa 244. Bodi yangu ni ya Micro-ATX, yenye milimita 244 kila upande, kwa hiyo ilinibidi kuving'oa kwa koleo vinguzo vitatu vya shaba, yaani vijiti vifupi vinavyoiinua bodi juu ya bamba, ambavyo havikuwa na tundu la kuvilaki. Jambo hili naomba lisipuuzwe, kwa kuwa kinguzo kimoja kilichosahauliwa chini ya bodi kinaweza kugusa lehemu na kusababisha shoti. Vilevile skrubu zilizokuja na kasha ni za aina mbili, nene za 6-32 na nyembamba za M3, zote zikiwa zimechanganywa katika mfuko mmoja usio na maandishi. Ziko karibu kufanana, na anayelazimisha moja mahali pa nyingine huua hesi za tundu.

Kati ya bamba hilo na ubavu wa nyuma nilipima milimita 24, nafasi inayotosha ule mkanda mnene wa nyaya unaolisha bodi umeme, na ubavu ukafungika bila kuusukuma kwa goti kama nilivyokuwa nikifanya zamani. Nyuma ya prosesa kuna dirisha kubwa lililokatwa ili kipoza joto kiweze kubadilishwa bila kuitoa bodi. Nilipitisha kidole kwenye kingo zote, na zote zimekunjwa. Lile la awali lilinichana mara mbili. Kadi ya grafiki ina nafasi ya kutosha, na sehemu za diski zina raba za kuzuia mtetemo.

Pawasaplai, kile kisanduku kinachoipa mashine umeme, hukaa chini na kuvuta hewa kutoka sakafuni kupitia kichujio chake chenyewe, na wazo hilo ni zuri, lakini kichujio hicho huchomolewa kwa nyuma, upande wa ukuta, na miguu ya kasha imeliinua kwa sentimita moja na nusu tu. Kila ninapotaka kukiosha, hunibidi kuchomoa nyaya zote na kuisogeza meza. Jumamosi iliyopita fundi seremala wa jirani alinikatia vipande vinne vya mvule vya sentimita nne, nikavibandika chini ya miguu, na sasa mkono wangu unakifikia kwa kupitia ubavuni.