Kitabu nimelipia, kukisoma mpaka niruhusiwe

Jamani, hili limenikera kweli. Nilinunua mtandaoni kitabu cha uuguzi, kwa pesa yangu halali, nikawa nakisoma vizuri kwenye simu. Simu ikafa, nikapata nyingine. Kufungua kitabu kile kile, naambiwa kifaa hiki hakijaruhusiwa. Niko Micheweni, Pemba, mtandao unakuja na kuondoka, na programu inataka kwanza izungumze na seva, yaani kompyuta za duka, huko ng'ambo ndipo initolee ufunguo.

Maana faili lenyewe limefumbwa, halisomeki bila ufunguo, na ufunguo wake umefungwa kwenye akaunti na kifaa. Ulichonunua hasa ni ruhusa. Duka likifungwa, ruhusa nayo inakwenda: Microsoft walipofunga duka lao la vitabu mwaka 2019, vitabu vya wateja viliacha kufunguka. Walirudishiwa pesa, sawa, lakini vitabu hawakubaki navyo.

Mdogo wangu naye anasomea uuguzi, yuko Unguja. Kingekuwa cha karatasi ningempa mtu wa boti pale Mkoani, kesho yake anacho mkononi. Hiki siwezi kumwazima hata kwa wiki moja.

Najua waandishi wanaibiwa, na inauma. Ila mwizi kufuli hili halimzuii, nakala za wizi zimejaa tele. Anayezuiwa ni mie niliyelipa! Tor, wachapishaji wa Marekani, waliondoa kufuli kwenye vitabu vyao vya kielektroniki mwaka 2012 na biashara yao inaendelea. Wachapishaji wetu mnaoanza kuuza vitabu kwa simu, tafadhalini, msitufungie.