Silanga letu la Mwakirunge lilivyosimama mara ya pili

Silanga letu la kwanza, yaani bwawa la kuvunia maji ya mvua hapa Mwakirunge, Mombasa bara, halikumaliza hata masika moja. Usiku wa mvua kubwa ya Mei maji yalipanda mpaka juu ya tuta, yakaanza kumwagikia upande wa pili, na asubuhi tulikuta pengo la kupita lori. Mahindi ya jirani yetu wa bondeni yalikuwa yamelala matopeni. Nilikwenda kumwomba radhi, na hadi leo nikilikumbuka lile shamba roho huniuma.

Kosa lilikuwa langu. Nilidhani tuta huvunjwa na uzito wa maji, basi nguvu zote nikazimalizia kwenye unene. Tulipokuwa tukichimba, mzee mmoja alisimama akaniuliza, "Mwanangu, yakijaa yatatokea wapi?" Nikamwonyesha kifereji. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Kumbe maji yakishapita juu ya tuta la udongo huanza kulimega kwa nyuma, na hapo hakuna wa kuyazuia.

Mara ya pili tulianza na mahali pa kutokea. Pembeni, kwenye ardhi ngumu ambayo haijaguswa na jembe, tulikata njia ya mita 6 kwa upana, sakafu yake mita 1 chini ya kilele cha tuta, tukaipanda ukoka. Kisha tukaondoa udongo wa juu wenye mizizi na kuchimba mtaro chini ya tuta lote hadi tukaukuta udongo wa mfinyanzi, usiopitisha maji. Ukitaka kuujua, lowesha udongo, usokote kama kidole, ukunje pete. Ukikatika, mchanga umezidi. Huku bara tumejaliwa. Kisiwani Mombasa chini ni matumbawe, maji hayatulii.

Kazi ilikuwa msaragambo, wanakijiji pamoja, kila Jumamosi. Tulimwaga udongo tabaka la sentimita 15, tukalilowesha, tukapitisha ng'ombe na pipa lililojaa maji, ndipo tabaka jingine. Upande wa maji, kila mita 1 ya kimo tulilaza mita 3. Upande wa nyuma, mita 2. Mtu alitaka kupanda miembe juu yake nikakataa kabisa, maana mizizi ikioza huacha mashimo ya maji kupenya.

Silanga likijaa, maji yana upana wa mita 24 tutani, kina cha mita 2, na yanarudi nyuma mita 40. Zidisha, gawanya kwa 6: mita za ujazo 320, yaani lita 320,000. Ila si zote za kutumia. Kaskazi ikivuma, kijiti changu cha alama huonyesha maji yakishuka karibu nusu sentimita kwa siku kabla hata hatujateka. Ng'ombe hawaingii, wanakunywa kwenye hori lililo chini ya tuta, kwa bomba.

Mwisho wa Machi maji yalikuwa bado yanafika kiunoni, na jirani wa bondeni alikuwa akiteka ya kumwagilia mchicha.