Mshono wa Ateri Huanza Kabla ya Tundu Kubwa

Mtu akinisimulia kwamba mgonjwa amewekewa vali mpya ya moyo bila kupasuliwa kifua, swali langu la kwanza huhusu kinena. Hapo ndipo katheta, yaani mrija unaopitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni, ilipoingilia, na hapo ndipo damu inaweza kuvuja hata baada ya kazi ya moyoni kumalizika salama.

Mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger alieleza njia ya kuingiza katheta kwa sindano na waya, na kwa miongo mingi iliyofuata tundu la ateri ya paja, mshipa mkubwa unaopeleka damu mguuni, lilizibwa kwa mkono: kinena hukandamizwa kwa dakika 15 hadi 20, pengine zaidi, kisha mgonjwa hulazwa chali kwa saa kadhaa bila kukunja mguu. Kwa tundu dogo njia hiyo ingali nzuri, wala siidharau. Lakini kwa mgonjwa aliyepewa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, ambaye ateri yake imepitisha mrija wa kipimo cha French 14, yaani karibu milimita 5 kwa ndani, mkono peke yake hautoshi.

Hapo ndipo tundu hushonwa kwa kifaa, na kinachojulikana zaidi ni Perclose ProGlide. Hupitishwa juu ya waya hadi ndani ya ateri, na damu inayochuruzika kwenye kijia chake cha pembeni humthibitishia daktari kwamba ncha imefika. Hapo daktari hufungua kijiguu kidogo, akakivuta taratibu mpaka kiegemee ukuta wa ateri kwa ndani, kisha akasukuma sindano mbili zinazotoboa ukuta kando ya tundu na kuunasa uzi. Sindano zikivutwa, uzi hubaki umelizunguka tundu, na fundo lililokwisha kuandaliwa kiwandani huteremshwa na kukazwa juu ya ateri. Uzi wenyewe ni wa polipropilini, hauyeyuki mwilini.

Ninachokistahi zaidi ni namna madaktari walivyokitumia kifaa hiki kwa matundu mapana. Nyuzi huwekwa mwanzoni, tundu likiwa bado dogo: kwa kawaida vifaa viwili hutumiwa kimoja baada ya kingine, kimoja kikizungushwa kidogo kulia na kingine kushoto, na mafundo huachwa bila kukazwa. Ndipo mrija mpana unapoingizwa na vali kupelekwa moyoni. Mwishoni mrija huondolewa na mafundo hukazwa, lakini waya hubakizwa ndani hadi damu ikome, ili kama mshono mmoja haukushika, kifaa kingine kipitishwe juu ya waya uleule.

Hata hivyo, hakuna uzi unaosahihisha mchomo mbaya. Sindano ya kwanza inapaswa kuingia ukuta wa mbele wa ateri kuu ya paja, mbele ya kichwa cha mfupa wa paja. Ikiingia juu mno, damu inaweza kuvujia nyuma ya tumbo pasipo mtu kuiona. Ikiingia chini ya mahali ateri inapogawanyika, mshipa ni mwembamba na hatari ya uvimbe wa damu unaounganika na ateri huongezeka. Chokaa iliyoganda katika ukuta wa mbele nayo huzizuia sindano za kifaa kupenya. Ndiyo maana naona kuchoma kwa kuongozwa na ultrasaundi, baada ya kuchunguza picha za CT, si anasa.

Utafiti wa CHOICE-CLOSURE, uliochapishwa mwaka 2022, ulilinganisha ProGlide na MANTA, kifaa kinachoziba tundu kwa kizibo cha kolajeni, aina ya protini, kwa wagonjwa 516 waliowekewa vali. MANTA ilizuia damu haraka zaidi, lakini madhara ya mishipa mahali pa kuingilia yalikuwa asilimia 19.4 dhidi ya 12.0 kwa ProGlide. Kwangu mimi, dakika chache zinazookolewa mezani hazifidii tofauti hiyo, ingawa daktari aliyezoea kifaa kimoja ana sababu ya kutokibadilisha pupa.

Mgonjwa naye aelezwe, kabla hajatoka wodini, dalili za kuangalia: uvimbe wa kinena unaokua, mguu kuwa baridi au kufa ganzi, na homa au usaha siku za baadaye, kwa kuwa uzi usioyeyuka unaweza kupata maambukizi. Maumivu mapya ya mgongo au ubavu, pamoja na kizunguzungu, yatajwe mara moja, hata kama kidonda cha kinena ni kikavu kabisa.