Mkesha wa mwaka wa mvua

Bibi yangu mzaa mama alikaa benchi la mwisho kanisani kwa miaka isiyopungua thelathini. Nasema benchi, lakini kwenye kigango chetu, tawi dogo la parokia, lilikuwa gogo la mkorosho lililochongwa upande mmoja. Kila Jumapili alikuja, iwe mvua iwe jua. Aliimba nyimbo zote, akapiga magoti palipopigwa magoti, na wakati wa komunyo akabaki ameketi, mikono mapajani, akiwatazama wenzake wakipanga mstari. Hakuwa amebatizwa. Aliolewa mke wa pili, na Kanisa halimbatizi mtu aliye katika ndoa ya wake wengi. Babu hakuwa tayari kumwacha, wala yeye hakuwa tayari kuachwa na watoto sita. Watoto walibatizwa wote, mmoja baada ya mwingine, yeye akiwasindikiza mpaka mlangoni. Kijiji kizima kilimwita Bi Mdogo. Hata sisi wajukuu.

Babu alifariki mwaka 1994. Msiba ulipotulia, bibi alivaa kanga yake mpya akaenda kwa Mwalimu kuandikisha jina. Kwetu upande wa Nyangao, mkoani Lindi, katekista haitwi katekista, anaitwa Mwalimu. Huyu wetu alikuwa mtoto na mjukuu wa walimu wa dini. Babu yake ndiye aliyekuwa akiwakusanya watu kusali wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipowachukua wamisionari Wajerumani na misheni zikabaki bila padre. Alitusimulia habari hizo mara nyingi, na kila mara alisisitiza jambo moja: babu yake alifundisha, alizika, alisalisha rozari, lakini hakugusa kazi ya padre. Utotoni nilidhani anajisifu tu. Usiku ninaousimulia ndio ulionionyesha alikuwa akisema nini.

Bibi hakujua kusoma. Kwa miaka mitatu, jioni baada ya kula, mimi ndiye niliyemsomea katekisimu kwa mwanga wa kibatari. "Nirudie hapo, mume wangu," angeniambia, kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu wa kiume, nami nikarudia mpaka akashika. Amri za Mungu alizishika kwa siku moja, maana alikuwa amezisikia maisha yake yote. Kilichomsumbua ni jina la ubatizo. Mwalimu alimpendekezea Anna, Maria, Elizabeti. Yeye akakataa yote akasema anataka Walburga. Alishawahi kulazwa hospitali ya Nyangao, mguu umevimba kwa kung'atwa na nyoka, na hospitali ile ina jina la Mtakatifu Walburga. Alipona, akaondoka na jina moyoni. Mwalimu akamweleza kwamba Walburga alikuwa abesi, yaani mkuu wa monasteri ya masista, wa zamani sana kule Ujerumani, na kwamba hata Nyangao kulikuwa na sista mwenye jina hilo aliyepoteza maisha wakati wa Maji Maji, mwaka 1905, misheni ilipochomwa moto. Bibi akajibu, "Basi hilo hilo." Kulitamka kulimpa taabu. Alilifanyia mazoezi akipepeta mpunga.

Ubatizo ukapangwa usiku wa Mkesha wa Pasaka, tarehe 11 Aprili 1998.

Waliokuwa watu wazima mwaka ule hawahitaji kuambiwa habari ya mvua za El Niño. Zilianza mwishoni mwa 1997 zikaendelea kana kwamba hazina mwenyewe. Barabara ya Dar es Salaam ilikatika kule Rufiji, na daraja la Mkapa lilikuwa bado halijajengwa. Watu walitegemea kivuko, na kivuko hakibishani na mto uliofura. Mafuta ya taa yakawa adimu, sukari ikawa ya kupimiwa kwa kijiko. Ufuta uliooza shambani ulikuwa mwingi kuliko uliosimama.

Kwa kawaida wakatekumeni, yaani wanaoandaliwa kubatizwa, wote walibatizwa parokiani. Mwaka ule wetu walikuwa thelathini na mmoja, wengi wakiwa wazee na mama wenye watoto mgongoni, na Baba Paroko akaamua kuwa badala ya wao kumfuata, yeye atawafuata. Parokiani angebaki padre msaidizi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mtumikiaji wa altare, na nilikuwa nimepewa chetezo. Wiki nzima nilifanya mazoezi ya kukibembeza kwa kutumia kopo la rangi na kamba ya katani.

Jumamosi ile mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Saa mbili usiku kanisa lilikuwa limejaa. Kuta zilikuwa za udongo, paa la bati, na mvua ilipozidi hukumsikia hata aliye pembeni yako. Wakatekumeni walikaa mbele, na kwa mara ya kwanza nikamwona bibi karibu na altare; nilipogeuka alikuwa pale pale, hatua tatu tu. Saa tatu ikapita. Saa nne. Kijana mmoja aliyetumwa kwenda kuangalia akarudi matope hadi kiunoni: korongo limejaa, gari la padre liko ng'ambo, taa zinaonekana.

Watu wakaanza kunong'ona, na minong'ono ikawa maneno. Mzee mmoja wa baraza la kigango akasimama, akasema kwa adabu kabisa: "Mwalimu, wewe unajua sala zote. Sisi hatutakulaumu. Washa moto, somesha masomo, na hawa wabatize. Si tumefundishwa kwamba mtu yeyote anaweza kubatiza?"

Mwalimu alikuwa mtu wa maneno machache. Akazungusha macho kwenye lile kundi la wakatekumeni, kutoka mwanzo wa benchi la mbele mpaka mwisho wake.

"Katika hatari ya kufa," akasema. "Nani hapa anakufa?"

Hakuna aliyejibu.

"Basi tutakesha. Si ndiyo maana unaitwa mkesha?"

Najua wapo wanaoona ukali katika jibu lile. Mimi niliona mtu anayeheshimu kitu asichokimiliki. Angeweza kujifanya padre usiku ule na kijiji kingempigia makofi. Akachagua kukaa chini pamoja nasi, kwenye mkeka, akaanzisha rozari.

Tukasali mafungu yote. Kina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, wakaimba mpaka sauti zikakauka, vijana wakapokea. Karabai lilikuwa moja na mafuta yake yalikuwa ya kuhesabu, kwa hiyo Mwalimu akaamuru lizimwe, tukasali gizani. Mwezi ulikuwa mpevu, ila mawingu yaliuficha, ukabaki weupe hafifu tu dirishani. Watoto walilala mmoja juu ya mwingine kama paka. Mimi pia nilisinzia, na niliposhtuka nilisikia sauti ya bibi ikinong'ona jina lake polepole, silabi kwa silabi.

Padre alivuka mnamo saa saba, maji yalipopungua kidogo. Habari yake tuliisimuliwa baadaye. Waliomvusha walikuwa vijana wa kijiji, na aliyekaa na kamba upande wetu ni jirani yetu, Mwislamu, fundi wa kuezeka nyumba. Idd Kubwa ilikuwa imepita siku chache tu na sisi tulikula pilau kwake. Hakuna aliyemwita. Alisikia watu wamekwama akatoka na kamba yake ya kazi, akaifunga kwenye mkwaju, akaingia majini. Mshumaa wa Pasaka, mrefu karibu kama mimi, aliubeba yeye kichwani, umeviringishwa nailoni, mkono mmoja kwenye kamba. Kisha wakatembea mwendo wa zaidi ya saa moja kwenye utelezi.

Walipoingia uwanjani ilikuwa inakaribia saa tisa. Padre alikuwa pekupeku, suruali imekunjwa, kanzu yake imo kwenye mfuko. Hakusalimia. Alitazama saa akamwambia Mwalimu: "Mkesha lazima uishe kabla hakujapambazuka. Tuna saa mbili."

Sitasahau haraka ile, haraka isiyo na fujo. Kuni zote zilikuwa zimelowa. Mama mmoja anayebangua korosho akakimbia kwake akarudi na ungo wa maganda. Ganda la korosho lina mafuta yake. Likishika moto huwa halijali unyevu, linafoka na kutema cheche. Kiberiti cha padre kilikuwa uji. Cha Mwalimu kilikuwa kikavu, maana usiku mzima alikiweka ndani ya kofia. Moto ukawaka mbele ya mlango, moshi mweusi, harufu kali inayowasha macho, na mvua ikawa imebaki manyunyu.

Padre akachukua kisu kidogo akachonga msalaba kwenye nta, juu Alfa, chini Omega, na kwenye pembe za msalaba tarakimu za mwaka: 1, 9, 9, 8. Mimi nilishika mshumaa kwa chini, na nikaona tope lililogandia kwenye kitako chake, na alama ya vidole. Kisha akafungua karatasi ya ubani. Ilikuwa imeingia maji yote, ubani umekuwa tope. Zilitakiwa chembe tano, za madonda matano ya Kristo, na za kuweka kwenye chetezo changu.

Padre akasema tuendelee, ubani haubatizi mtu. Lakini jirani yetu alikuwa bado amesimama pale pembeni akijikamua maji, akasikia. Akamtuma mwanawe nyumbani. Kabla padre hajamaliza kubariki moto, mkewe mwenyewe akaja, kajitanda kanga mbili, mkononi kibakuli cha udongo chenye ubani wa maulidi. Akampa Mwalimu kwa mikono miwili, akarudi nyuma ya umati. Padre akachagua chembe tano, akazibandika moja moja kwenye nta aliyoilainisha kwa moto. Zilizobaki alinikabidhi mimi.

"Mwanga wa Kristo."

"Tumshukuru Mungu."

Tukaingia na giza, mshumaa mbele. Moto ukapokezanwa, mshumaa kwa mshumaa, wengine wakiwa na vibatari tu, na kanisa la udongo likaanza kuonekana: kwanza nyuso, halafu mikono, mwisho boriti za juu.

Masomo ya Agano la Kale ni saba. Padre alipunguza yakawa matatu, kama inavyoruhusiwa, ila lile la Waisraeli kuvuka bahari haliachwi kamwe. Lilisomwa na kijana yule aliyerudi na matope, bado nguo zake mbichi. Alipofika pale maji yalipokuwa ukuta kuume na kushoto, alisimama kidogo, akameza mate, akaendelea.

Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Tangu Alhamisi Kuu ilikuwa kimya. Ulipofika wimbo wa Utukufu, mtoto aliyekuwa akiisubiri tangu jioni akaipiga kwa nondo mpaka mbwa wa kijiji kizima wakaitikia. Ngoma zikaanza, vigelegele vikapanda, na mimi nikabembeza chetezo kama mwendawazimu mpaka Mwalimu akanishika bega.

Maji ya ubatizo yalikuwa ya mvua ile ile. Pipa lilikuwa limewekwa chini ya michirizi ya bati na lilikuwa limefurika. Padre alitumbukiza mshumaa ndani yake, akaubariki ule ujazo wote, kisha wakaja mmoja mmoja. Je, unamkataa Shetani? Namkataa. Bibi alikuwa wa kumi na tisa, nilikuwa nikihesabu. Alivua kilemba. Sikuwahi kuona nywele zake zote kwa pamoja, nyeupe, zimesukwa mistari minne. Padre akauliza jina. Kimya kikawa kirefu mno, nami moyo ukanidunda, nikaanza kulitamka mdomoni bila sauti ili nimsaidie.

"Wa-lu-bu-ru-ga," akasema, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Walburga, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mara tatu yale maji yalimiminwa, yakashuka shingoni, yakaingia kwenye kanga nyeupe aliyoazimwa na mama. Baadaye akapakwa krisma, mafuta matakatifu ya kipaimara, maana mtu mzima hupokea yote usiku huo huo. Ulipofika wakati wa komunyo, alisimama kwenye mstari. Nilikuwa na sahani ya komunyo chini ya kidevu chake. Kidevu kilitetemeka, na mkono wangu pia.

Watu wa mwisho walikuwa wakipokea tuliposikia adhana ya alfajiri kutoka msikitini. Padre aliinua macho kuelekea dirishani, akaendelea. Baraka ya mwisho ilitolewa nje kukiwa bado na giza la kijivu, jogoo wakipokezana.

Baba Paroko alikunywa chai ya tangawizi isiyo na sukari akalala kwenye mkeka wa Mwalimu mpaka saa nne. Jirani yetu alikwisha kwenda kuswali. Mimi nilikuwa nimeambiwa nirudishe kibakuli cha ubani, lakini bibi akaninyang'anya. "Kazi hii ni yangu, mume wangu." Akakiosha, akakijaza mchele mpya wa shambani kwake, kwa sababu chombo cha jirani hakirudi kitupu, tukaenda wote wawili tukiruka madimbwi.

Mke wa jirani alikuwa uani akifagia majani yaliyoangushwa na mvua. Akasimama, akafuta mikono, akapokea kibakuli.

"Hongera, Bi Mdogo."

Bibi akatabasamu, akatikisa kichwa.

"Jina hilo limebaki kwenye maji."

"Ehe! Sasa nikuiteje?"

Bibi akamwambia. Yule mama akajaribu mara ya kwanza, ulimi ukagoma. Wakacheka, wameshikana mikono juu ya kibakuli. Bibi akalirudia polepole, silabi kwa silabi, kama nilivyokuwa nikimrudia yeye, na safari ya tatu jirani yake akalipata.