Siku Moja Maishani Mwangu: Kukusanya Majani ya Mipopla Kando ya Mto Tana

Saa 11 alfajiri huwa nimeshapanga bahasha za karatasi, jeli ya silika ya kukaushia majani, kifaa cha GPS na utepe wa kupimia unene wa shina. Mti ninaoufuatilia, ili nijue jinsi vinasaba vyake vinavyosambaa kando ya mto, ni Populus ilicifolia, mpopla wa asili wa Afrika Mashariki, ambao nchini Kenya humea kando ya mito ya Tana, Athi na Ewaso Ng'iro. Mipopla mingi duniani ni miti ya nchi za baridi za kaskazini. Huu umezoea joto la ikweta, ila hauthubutu kukaa mbali na maji.

Saa 12 na nusu asubuhi tunakutana na nahodha wa mtumbwi kwenye ukingo ulio karibu na Hola.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo tunapanda mto au tunashuka?"

Tunapanda. Hata hivyo, swali lake ndilo wataalamu wa jenetiki ya mimea ya mitoni wamelijadili kwa miaka mingi. Kwa kuwa maji hushuka tu, na mbegu zinazoelea hushuka nayo, ilidhaniwa kwamba utofauti wa kijenetiki, yaani wingi wa aina za vinasaba kati ya mti na mti, ungepungua kwenye sehemu za juu za mto na kurundikana kwenye sehemu za chini. Dhana hiyo inavutia kwa wepesi wake, lakini uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2010 haukuona mwelekeo huo kuwa kanuni ya jumla. Binafsi sishangai. Mbegu ya mpopla ina pamba nyepesi inayopeperushwa na upepo, na chavua husafiri kwa upepo vilevile, kwa hiyo kinachoteremshwa na maji chaweza kurudishwa juu na hewa.

Kuanzia saa 2 hadi saa 5 ni kazi ya kuchuma majani, kupima mashina na kuandika namba. Kati ya mti na mti tunaacha angalau mita 50, kwa sababu mipopla huchipua kutoka kwenye mizizi, na mashina yanayoonekana kama familia nzima yanaweza kuwa mti mmoja uliojirudia. Mti huu una dume na jike, kila mmoja peke yake. Kundi la mashina mengi lenye jinsia moja tu halizai mbegu zake lenyewe. Nahodha naye hutuzuia kusogelea maji pasipo ruhusa yake, na kwa mamba wa Tana hatuna hoja ya kumpinga.

Saa 6 mchana tunapumzika kwenye mkono wa mto ulioachwa, mahali ambapo Tana ilipita zamani kabla ya kubadili njia. Hapa ndipo mandhari inaposomeka. Mbegu ya mpopla hufa upesi isipopata mchanga mtupu wenye unyevu, na mchanga huo huletwa na mafuriko yanayomega ukingo mmoja na kujaza mwingine. Ndiyo maana miti hii husimama kwa mistari ya umri unaokaribiana, kila mstari ukiwa zao la furiko lake, na vinasaba vyake vikitoka kwa wazazi waliobahatika kutoa mbegu wakati huo. Tangu Bwawa la Masinga, lililo juu ya mto, likamilike mwaka 1981, likifuata mengine ya Kindaruma, Kamburu na Gitaru, kima cha mafuriko huku chini kinategemea pia mabwawa hayo.

Saa 9 alasiri tunatafuta miche. Hii ndiyo saa ninayoithamini kuliko zote. Miti mizee inaweza kuonyesha utofauti mkubwa kwa sababu ilizaliwa mto ukiwa huru, nao hauondoki siku bwawa linapojengwa. Pengo hujitokeza kwa watoto wao, yaani miche. Utafiti unaopima miti mikubwa peke yake utatoa habari njema iliyopitwa na wakati. Leo tumepata miche michache kwenye fungu moja la mchanga, na kwato za ng'ombe zimepita katikati yake.

Saa 1 usiku ninahakiki namba kwa taa. Maabara itasoma DNA ya kloroplasti (sehemu za kijani za seli ya jani), ambayo katika mipopla hurithiwa kwa mama na hivyo hufuata njia ya mbegu, na DNA ya kiini cha seli, inayobeba pia mchango wa chavua. Tofauti kati ya hizo mbili itanisaidia kutenganisha kazi ya maji na kazi ya upepo. Kisha kuna nchi kavu inayotenganisha mito yenyewe: Tana huishia Kipini, Athi huingia baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki, na Ewaso Ng'iro hupotelea kwenye kinamasi cha Lorian. Mbegu inayoelea haiwezi kuvuka kutoka bonde moja hadi jingine, kwa hiyo natarajia tofauti kubwa zaidi ziwe kati ya mito kuliko ndani ya mto mmoja.

Kesho tutashuka kuelekea Wenje. Bahasha za miche nimezitenga katika kisanduku chake, zitangulie maabara.