NZE, Jumamosi ya tatu: hewa imetoka

NZE yangu, ile Corolla ya Toyota, imekubali. Jana saa kumi na moja jioni, hapa nje ya nyumba Mikindani, Mombasa, kulanti (maji ya kupozea injini) imeingia lita 5 na bado ikawa inaomba. Jumamosi mbili kabla ya hapo ilikuwa ikifika lita 3 na nusu inagoma. Injini yake ya 1NZ hubeba lita 5 na ushee, kwa hivyo hiyo iliyobaki yote ilikuwa hewa, imejikalia mle ndani kama mpangaji wa miezi sita bila kodi.

Kwa nini sikupeleka gereji? Nilipeleka, mwaka jana. Nikalipa 4,500, "kulanti na kazi", saa moja nikawa nimeondoka, roho kwatu. Mwezi huu nafungua koki ya chini mwenyewe, yanatoka maji rangi ya chai ya mkandaa. Kwenye mdomo wa rejeta kuna ukoko mweupe, ule ule unaoganda ndani ya birika ukichemsha maji ya kisima. Wallahi nilikaa chini. Nikafungua nyumba ya themostati, ule mlango unaozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto: themostati hakuna! Wameitoa wakafunga patupu. Hoja yao sote tunaijua, Mombasa hakuna baridi, ya nini? Sawa, lakini bila hiyo gari langu lilikuwa likitembea barabara kuu kwa nyuzi 70, injini haipati moto sawasawa, petroli inakwenda.

Basi nikanunua themostati mpya. Kabla ya kuifunga niliitia kwenye sufuria ya maji jikoni, imening'inizwa kwa uzi, na kipimajoto kando. Ilianza kufunguka ikipita 82 kidogo. Ukiitazama inavyojisukuma polepole, halafu ukiitoa inavyojirudi, utasahau kama una kazi nje. Mke wangu aliniuliza kama ndicho chakula cha mchana.

Tatizo lilianza baada ya kufunga. Najaza, nawasha, boneti wazi, kifuniko hakijafungwa. Mpira wa juu wa rejeta unapata moto, wa chini baridi kama mtungi. Kwenye simu, iliyounganishwa na kisomaji cha bluetooth kilichochomekwa kwenye gari, nasoma joto la injini: 90, 96, 101, 104, nazima. Hita inapuliza upepo wa kawaida tu wakati injini inataka kupika wali. Hapo hakuna ubishi, ni hewa. Nikapandisha pua ya gari kwenye kibarabara chetu kilichoinuka. Nikaminya mipira mpaka vidole vikauma. Nikaacha usiku kucha. Asubuhi imeshuka vidole viwili, najaza, nawasha, 104. Jumamosi ya pili hivyo hivyo, na jua la Mombasa juu ya kisogo.

Jirani yangu, mzee aliyeendesha malori ya kwenda Malaba miaka na miaka, alikuja na kikombe chake cha kahawa akasimama kimya. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, kile kipini cha themostati umekiweka juu au chini?"

Kipini! Kwenye ukingo wa themostati kuna kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza. Kazi yake ni kupitisha hewa wakati mlango mkubwa umefungwa, na hewa hupanda, kwa hivyo lazima kikae juu. Mimi niliifunga kwa kupapasa, maana kwenye hii injini imejificha nyuma ya altaneta na sikutaka kuitoa altaneta. Uvivu wa dakika ishirini umenila wiki mbili. Themostati ilikuwa imezungukwa na hewa, moto wa maji hauifikii, itafunguka vipi?

Jana nikatoa altaneta kama inavyotakiwa, spana ya 12 na ya 14. Ya 10 ilipotea, kama kawaida yake, nikaazima. Kipini kilikuwa kimeangalia lami. Nikakigeuza, nikafunga, nikajaza, na mara nikasikia ile glu-glu-glu niliyokuwa naingoja. Mpira wa chini ukapata moto, feni ikawaka yenyewe, simu ikatulia kwenye 88.

Faneli niliyotumia ni chupa ya soda ya lita 2 iliyokatwa kitako, shingo yake imeviringishwa tyubu ya baiskeli na kubanwa kwenye mdomo wa rejeta. Inakaa imejaa, mapovu yanapanda unayaona. Zile seti za faneli za dukani ni nzuri, lakini kwa bei ile nanunua kulanti nyingine. Kisomaji cha bluetooth usikibanie pesa: mshale wa dashibodi ni muongo, unakaa katikati mpaka mambo yameharibika. Kusuuza nilitumia maji ya betri, yale safi, si asidi. Ya bomba hapana, ya mkokoteni ndiyo kabisa usithubutu.

Kulanti ya zamani iko ndani ya dumu, juu ya kabati. Hata kama yangu ni kutu tupu, siimwagi. Kulanti ni tamu na ni sumu, na mtaa huu una paka wasiohesabika.

Leo alfajiri nimeipandisha Mazeras, eyasii (kiyoyozi) imewaka. Haikupita 93. Mipira mipya na mkanda bado viko kwenye buti, nilipanga kuvifunga jana ile ile, lakini limezuka jingine. Ili kutoa hewa nilizungusha swichi ya hita mpaka mwisho wa moto. Sidhani kama iliwahi kuguswa tangu gari litoke Japani. Sasa haitaki kurudi, waya wake umekatika huko nyuma ya dashibodi. Nimeshuka kutoka Mazeras na hita wazi, eyasii inashindana nayo, vioo vyote chini, shati limelowa. Kesho nafungua dashibodi.