Ngoma za mjomba na senti zisizotulia: kumbukumbu ya mradi wangu, Mtwara

Juni, wiki ya kwanza

Kwa anayeingia leo: mimi ni fundi redio hapa Mtwara mjini, na mradi huu ni wa Jumapili na siku ambazo wateja hawaji. Mjomba wangu ana ngoma tatu kule Tandahimba. Nazipima sauti, halafu natafuta wanafizikia, wanaanthropolojia na watu wa lugha wamesema nini kuhusu ngoma za kwingine. Muziki sikuusomea. Nina maikrofoni moja nzuri niliyoichomoa kwenye kinasa kilichokufa, simu yenye programu ya kuchora masafa ya sauti, na mjomba asiyechoka kuulizwa. (Anachoka, ila mimi ni mpwa wake, hana pa kunikimbilia.)

Kipimo nilichochagua ni senti. Si za pesa. Mwingereza Alexander Ellis alizileta mwaka 1885: oktava moja (kutoka sauti moja hadi ile yenye mitetemo mara mbili yake) aliikata vipande 1,200, kwa hiyo hatua moja ya kinanda, ukihesabu na vitufe vyeusi, ni senti 100. Nimempenda huyu mzee kwa sababu masikio yake yalikuwa mazito kwa muziki, ikabidi awe anaazima ya rafiki yake Hipkins. Wawili hao walipima ala za Java, India na kwingineko, na Ellis akahitimisha kwamba hakuna ngazi moja ya sauti iliyotoka kwenye maumbile. Kila watu wametengeneza yao. Kwa Ulaya ya wakati ule hilo lilikuwa neno zito.

Juni, wiki ya tatu

Kurasa nne za daftari zimeharibika, na kosa ni langu.

Nilifika saa saba mchana, nikaweka maikrofoni uani, nikapiga ngoma moja moja na kuandika. Ndogo, ya kati, kubwa. Safi kabisa. Mjomba alikuwa anakoboa mahindi, akaniangalia mpaka nikamaliza, ndipo akasema, "Mpwa, umezipima zimelala."

Jioni akaziamsha. Aliwasha nyasi kavu na vipande vya makuti, moto wa kuruka juu na kufa haraka, akaishika ile ndogo kwa ubavu na kuizungusha, ngozi ikiutazama moto lakini isiungue. Kila mara anaitoa, anaipapasa kwa kiganja kama mtu anayemgusa mtoto mwenye homa, anaipiga kidole kimoja. Mwanzo ilisema "bu". Baada ya kurudi motoni mara tatu ikasema "ti", kavu, mpaka mbwa akainuka. Kwa simu yangu ilikuwa imepanda karibu senti 400. Nusu saa baadaye umande wa huko juu ulishaanza kuishusha, akairudisha tena.

Fizikia yake haina siri: ngozi imenywa unyevu, joto linautoa, ngozi inajikaza, sauti inapanda. Kilichonishika ni namna anavyoamua kwamba sasa imetosha. Hapigi ndogo peke yake. Anapiga ndogo, kisha kubwa, kisha ndogo, anasikiliza nafasi iliyo katikati ya sauti hizo mbili, yaani moja iko juu ya nyingine kwa kiasi gani. Usiku mzima zote tatu zinapanda na kushuka, yeye analinda nafasi hiyo tu. Nami nilikuwa nimejaza safu za mitetemo kwa sekunde, kila ngoma na namba yake, wakati kipimo cha Ellis nilichojisifia hapo juu kinapima nafasi hasa! Nimechana kurasa.

Juni, mwisho

Ngoma ya kati ina duara jeusi katikati ya ngozi, limeganda kama lami. Ngozi iliyowambwa tupu ina tabia mbaya: mtetemo wake wa pili si mara 2 ya ule wa kwanza, ni mara 1.59, ndiyo maana ngoma nyingi hutoa mshindo ambao huwezi kuuimba. Mhindi C. V. Raman alionyesha mwaka 1920 kwamba weusi uliopakwa kwenye ngozi za mridangam na tabla, ngoma za India, unaongeza uzito pale katikati, na mitetemo inajipanga mara 2, 3, 4, 5, kama ya uzi wa gitaa. Baadaye alipata Nobel, kwa kazi ya mwanga.

Je, duara la mjomba linafanya vivyo hivyo? Namna ya kujua ni kulibandua na kupima upya. Nimeomba. Nimeambiwa nibandue kwanza ngozi ya kichwa changu.

Julai

Nilitaka kurekodi ngoma za unyago. Nyakanga, mwanamke anayeongoza unyago, alinipokea vizuri, akanipa uji, akakataa. Sikubishana, mambo ya wanawake mwanamume anayafuata na maikrofoni kwenda wapi?

Nimebaki nikimfikiria Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, Ujerumani. Mwaka 1906, Majimaji haijapoa, alishuka Lindi, akapanda Masasi mpaka Newala na fonografu (kinasa sauti cha zamani) ya mitungi ya nta na kamera ya sinema. Nyimbo za wapagazi wake Wanyamwezi zilichambuliwa na Erich von Hornbostel, aliyeketi Berlin na mitungi tu, zikachapishwa mwaka 1909. Sijui nani kati ya waimbaji aliulizwa. Huyo huyo Hornbostel, pamoja na Curt Sachs, mwaka 1914 wakagawa ala za dunia nzima makundi manne: zinazolia kwa mwili wenyewe, kwa ngozi, kwa nyuzi, kwa hewa. Mgawo huo waliurithi kwa Mahillon wa Brussels, na Wahindi walikuwa nao tangu zama za kale. Kwa Hornbostel na Sachs ngoma ni ala ya ngozi, basi. Kwetu ngoma ni ala, ni uchezaji, na ni shughuli yenyewe. Ukisema "kesho kuna ngoma" hakuna anayewaza ngozi.

Agosti, wiki ya pili

Jambo la lugha limejileta lenyewe. Mjomba akimfundisha mtoto hampi fimbo, anampa maneno: "ti-ti-ndu, ti-ndu". Wapiga tabla nao hutamka pigo kabla ya kulipiga, dha, dhin, na. Nikamrekodi akitamka, nikachora. Irabu i ina mlio mwembamba, u ina mzito, na yeye i anampa ndogo iliyokwisha kupashwa, u anampa kubwa. Ndogo ikipoa anaiita "tu", akicheka.

Kisha nikamchezea rekodi ya usiku ule kwenye simu. Akasikiliza kidogo, akauliza, "Mkubwa umemwacha wapi?" Nikasema yumo. "Hayumo."

Fundi mzima nimeaibishwa. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa besi, na bila besi ile nafasi anayoilinda haipo. Jumamosi ijayo napanda basi la Tandahimba na spika ya inchi 12 mapajani. Kondakta ameshaniambia hiyo ni abiria, nilipe nauli yake.